Kabla Hujamwingiza Paka Hosteli

Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa huwa naletewa swali lilelile na wadogo zangu wanaokuja kusoma Tanga. Wanauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia kitu cha magendo: dada, naweza kukaa na paka wangu hosteli? Mwingine ana mbwa, mwingine sungura. Mwaka huu aliniuliza binti wa kutoka Singida aliyefiwa na baba yake mwezi wa saba. Anasema bila paka wake usingizi hauji. Sikumjibu siku ileile, kwa sababu jibu langu ni refu na lina mambo ya kuumiza ndani yake. Nimeona niliandike hapa, limfikie yeye na wengine.

Naelewa anachokisema. Yamenikuta.

Mama yangu alifariki wiki sita kabla sijaanza mwaka wa kwanza. Nilifika Tanga na begi moja, ndoo, godoro jembamba na barua ya chuo, na ndani yangu mlikuwa mtupu kama mtungi uliopasuka. Usiku nilikuwa nashtuka saa tisa, moyo unakwenda mbio, jasho linanitoka na huku mikono ni ya baridi. Nakaa kitandani hivyohivyo mpaka adhana ya alfajiri. Chakula kikawa hakipiti. Vipindi vya asubuhi nikaanza kuviacha, kwanza kimoja, halafu vyote. Watu waliniambia nisali, nijikaze, kazi ya Mungu haina makosa. Wote walinitakia mema, ila saa tisa ya usiku kila mtu alikuwa amelala.

Shombo ndiye aliyekaa macho na mimi. Nilimwokota Deep Sea, pale soko la samaki, siku niliyokwenda na mwenzangu kununua vibua. Kitoto cha paka cha kijivu, jicho moja limegandana kwa tongo, kimejikunja chini ya meza ya mchuuzi juu ya magamba na maji ya barafu. Mchuuzi akaniambia mama yake aligongwa na bodaboda juzi yake. Nikamtia kwenye kapu la ukindu, nikamfunika kwa kanga, nikapanda bajaji, na harufu ya samaki iliyojaa bajaji nzima ndiyo ikampa jina. Usiku ule niliposhtuka kama kawaida yangu, nikakuta kitu cha joto kimelala kwenye bonde la shingo yangu kinakoroma. Koromo lenyewe lilikuwa dogo, nililisikia kwenye mfupa wa bega kuliko sikioni. Nikaanza kuhesabu pumzi zake. Nilipofika arobaini na kitu, nikapotelewa na hesabu, na nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshapanda.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba haya mambo ya kuliwazwa na mnyama ni ya Wazungu, namwambia hapana. Bibi zetu walikaa barazani na paka mapajani kabla hatujazaliwa, ila tu hawakulipatia jambo hilo jina. Na hao Wazungu wamelipima: mwaka 2019 watafiti wa Washington State University ya Marekani walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusisha wanafunzi 249 wa chuo. Waliopewa dakika 10 za kuwashika na kuwapapasa paka na mbwa walionekana mateni mwao kuwa na kiwango kidogo cha kotisoli, homoni inayopanda mtu akiwa na msongo, kuliko wenzao waliokuwa wakiwatazama tu kwa mbali, waliooneshwa picha, au waliosubiri bila chochote. Ziweke akilini hizo dakika 10, nitazirudia.

Nilipokosea mimi ni hapa: nilimficha.

Chumbani tulikuwa wanne, vitanda viwili vya dabodeka. Sheria zilibandikwa nyuma ya mlango, na mojawapo ilikuwa hakuna kufuga mnyama wa aina yoyote. Wenzangu wawili niliwaambia, wakacheka, wakamkubali, mmoja akawa anamletea vichwa vya samaki kutoka kantini. Wa tatu, binti wa Pangani aliyelala kitanda cha chini mkabala na changu, sikumwuliza. Alikuwa mkimya, hana neno na mtu, nami nikauhesabu ukimya wake kuwa ndiyo. Wiki ya tatu akaanza kukohoa usiku. Nikajiambia ni vumbi. Wiki ya nne akawa analala ameegemea ukuta, amekaa. Nikajiambia ni mafua. Moyoni nilikuwa najua.

Wiki ya tano mvua za vuli zilipiga siku tatu mfululizo, madirisha yamefungwa, nguo mbichi zimeanikwa kwenye kamba humohumo chumbani. Usiku wa tatu aliamka akawa hawezi kumaliza sentensi. Nakumbuka mabega yake yakipanda kila pumzi, na ule mlio mwembamba wa kifuani kama filimbi, na nilipomulika kwa simu nikaona kucha zake zinaelekea rangi ya zambarau. Tulimpakia kwenye bajaji tukiwa na kanga za kulalia. Hospitali wakamfunga mashine ya mvuke mdomoni. Daktari wa zamu akatugeukia: "Chumbani kwenu kuna moshi? Kuna zulia? Mnafuga mnyama?"

Wenzangu wakanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Daktari akaandika kitu, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Nilikaa kwenye benchi nikimsikiliza binti wa Pangani akivuta ule mvuke, nikiwaza kwamba nimempoteza mama na sasa nataka kumpotezea mtu mwingine mwanawe kwa kunyamaza. Nikainuka, nikamfuata daktari koridoni, nikamwambia. Hakunikaripia. Alinieleza kwamba kinachowasumbua wenye pumu hasa ni protini iliyomo kwenye mate na ngozi ya paka. Paka anajilamba, mate yanakauka kwenye manyoya, yanapeperuka na vumbi na kutulia kwenye godoro, mapazia na nguo. Hata paka akiondoka, vitu hivyo hubaki chumbani kwa miezi.

Binti wa Pangani alipata nafuu, alhamdulillahi. Nilipomwomba radhi, aliniambia maneno ambayo ndiyo sababu ya makala hii: "Ungeniuliza tu. Ningekwambia nina pumu tangu utotoni, tukatafuta mtu wa kubadilishana naye chumba." Na kweli, vyumba viwili mbele yetu kulikuwa na msichana aliyekuwa anatamani kuhamia kwetu kwa sababu ya dirisha. Ilikuwa inahitaji swali moja tu, la dakika moja, na sikuliuliza.

Na Shombo mwenyewe kule kufichwa hakukumsaidia. Ili harufu ya mkojo isisikike, kila asubuhi nilikuwa nadeki uvunguni kwa dawa ya kuulia vijidudu ya chooni, ile inayogeuka nyeupe ukiichanganya na maji. Siku moja nikamkuta anatoa udenda, hataki kula, ulimi una kidonda. Bwana mifugo niliyempelekea alinusa tu miguu yake akajua. Dawa zile nyingi zina kemikali za jamii ya fenoli, na ini la paka halina uwezo wa kuzivunja kama letu. Paka anazikanyaga, halafu anajilamba nyayo. Hapohapo akanionya kuhusu panado: kidonge kimoja cha parasetamoli chatosha kumuua paka, kwa hiyo usimpe hata ukimwona ana homa na wewe unamhurumia. Tangu siku hiyo sakafu yangu naiosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga kidogo, nasuuza, naiacha ikauke ndipo namruhusu aingie.

Metroni, msimamizi wa hosteli yetu, alinipa mpaka Ijumaa niwe nimemwondoa. Alikuwa na haki. Shombo akaenda kukaa kwa mama mmoja wa Ngamiani anayeuza chapati, nami nikawa naenda kumwona kila jioni kwa baiskeli ya kuazima mpaka mwaka ukaisha.

Barua ya kununua mtandaoni

Kuna vijana wananitumia picha za vyeti vya Kiingereza walivyovipata mtandaoni, vimepigwa muhuri wa dhahabu, kwamba mbwa wao ni mnyama wa tiba na hakuna wa kumkatalia. Wamelipa kwa dola, pesa ya bumu, ule mkopo wa chuo. Inaniuma sana, kwa hiyo nieleze jambo hili limetoka wapi.

Marekani wana sheria ya makazi ya mwaka 1968, ambayo mwaka 1988 iliongezewa ulinzi kwa watu wenye ulemavu, pamoja na maradhi ya akili. Chini yake, mwenye nyumba anayekataza wanyama anatakiwa alegeze katazo hilo kwa mtu ambaye mnyama anamsaidia kutokana na hali yake, tena bila kumtoza ada ya mnyama. Vyuo vilibishana kwamba bweni si nyumba ya kuishi. Mwaka 2013 mahakama ya shirikisho huko Nebraska, katika kesi iliyohusu chuo cha Kearney na mwanafunzi aliyekuwa na mbwa mdogo, ikaamua kwamba makazi ya wanafunzi nayo yanahesabika chini ya sheria hiyo. Kesi iliishia kwenye maridhiano mwaka 2015, chuo kikakubali kulipa dola 140,000. Ndiyo maana huko mwanafunzi anapeleka barua ya daktari au mshauri anayemhudumia, na chuo kinalazimika kuisikiliza. Hata huko, wizara yao ya nyumba ilitoa mwongozo mwaka 2020 ikasema wazi kwamba cheti kinachouzwa mtandaoni kwa yeyote anayejibu maswali machache na kulipa, chenyewe peke yake hakitoshi kuthibitisha kitu. Na mashirika yao ya ndege tangu 2021 hayalazimiki tena kuwapokea wanyama hao wa kuliwaza.

Sheria ya Marekani inaishia Marekani. Hapa Tanga ukimpelekea mlezi wa wanafunzi karatasi ile, umemwonesha tu kwamba umeliwa pesa. Kwetu mlango unafunguliwa kwa maombi, maelezo na uaminifu. Hizo dola mpelekee bwana mifugo.

Namna ya kuomba

Anza na wenzako wa chumbani kabla ya mtu yeyote mwenye cheo. Waulize mmoja mmoja, faragha, maana mbele za watu mtu huona haya kukataa. Muulize kuhusu pumu, kifua, ngozi, hofu, dini. Mtu akisema hapana, usimbembeleze. Hicho chumba ni chake kama kilivyo chako, naye amekuja kusoma kwa jasho la wazazi wake.

Kuhusu dini, kwa mwambao huu huwezi kuruka. Paka hana shida. Kuna hadithi mashuhuri inayopokewa kutoka kwa Abu Qatada, kwamba paka si najisi, ni katika wale wanaotuzungukia majumbani. Mbwa ni habari nyingine: wengi wetu huku tunafuata madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo au nguo vioshwe mara saba, moja yake kwa udongo. Mwenzako anayeswali sala tano kwenye chumba cha hatua nne kwa tano atakuwa anaosha mswala kila siku. Hilo halimfanyi awe mbaya wala mbwa wako asiwe na thamani. Linamaanisha mbwa anataka nyumba yenye ua na watu waliomkubali. Sijawahi kumshauri mwanafunzi amlete mbwa hosteli ya hapa na sitamshauri.

Wenzako wakikubali, ndipo uende kwa metroni au wadeni, ukiwa na barua fupi ya Kiswahili safi. Eleza una nini, tangu lini, na nani anakuhudumia. Kama umeonana na daktari au mshauri nasaha, akuandikie kwa mkono wake na muhuri wa kituo chake. Eleza mnyama ni wa aina gani, amechanjwa lini, atalala wapi, uchafu utatupwa wapi, na wewe usipokuwepo ni nani atakayemwangalia. Wenzako wa chumbani waweke sahihi chini. Omba muda wa majaribio, tuseme semista moja. Usidai. Ofisi nyingi zitakukatalia hata hivyo, na ukikataliwa shukuru kwa kusikilizwa, utoke. Mama metroni uliyemheshimu leo ndiye kesho atakayekuhamisha chumba au kukuelekeza nyumba ya kupanga.

Mimi nilipoomba mwaka wa pili nilikataliwa, ndipo nikahama. Nikapata chumba Makorora kwenye nyumba ya Kiswahili, vyumba sita vinavyotazamana koridoni, uani kuna mwembe, jiko na choo cha pamoja. Mwenye nyumba ni bibi wa makamo ya bibi yangu. Safari hii sikuficha kitu. Nilimwamkia, "Shikamoo Bibi," akaniitikia marahaba na kunikaribisha mkekani, na kabla hata ya kuuliza kodi nikamwambia: nina paka, nilimpata nilipofiwa na mama, nisingependa umkute ndani kwa kushtukiza. Bibi akakaa kimya kidogo. Kisha akauliza, "Anaiba samaki?" Nikamwambia ukweli, kwamba samaki aliyeachwa wazi atamchukua. Akasema basi tutafunika. Akaniuliza tena chanjo, akaniuliza nani atasafisha, na akaniambia bintiye aliyekuwa na mimba ya miezi minne asikaribie mchanga anaojisaidia paka.

Bibi alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Kwenye kinyesi cha paka mwenye maambukizi huwa kuna kimelea cha toksoplasma, na kikimpata mama mjamzito ambaye hajawahi kuambukizwa nacho, kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Habari njema ni kwamba vijiyai vyake vinapotoka huwa bado havijaiva. Vinahitaji siku moja mpaka tano ndipo viweze kuambukiza. Ukisafisha kila siku bila kukosa, ukanawa mikono, umeikata njia kubwa. Mimi natumia karai pana lenye maranda ya mbao kutoka kwa seremala, ananipa bure, na kila alfajiri nafukia uchafu mbali na kisima na bustani ya mchicha. Mchanga wa baharini niliujaribu nikauacha, haunyonyi harufu na unazagaa chumba kizima.

Makubaliano yetu tuliyaandika kwenye karatasi ya daftari, Bibi akaweka dole gumba, mimi sahihi. Yalikuwa mepesi: paka haingii jikoni, kitu akikiharibu nalipa, akimparua mtoto nampeleka mtoto hospitali kwa gharama yangu. Miaka yote hatujawahi kugombana juu ya Shombo.

Uzito wa kumfuga

Watu wanapofikiria mnyama wa kuwaliwaza, wanafikiria atakavyowafanyia wao. Ninawaomba mfikirie upande wa pili kwa muda mrefu zaidi, maana paka anaweza kuishi miaka 15 na shahada ni miaka mitatu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka anayemweka mnyama amhudumie na asimtese, nasi Waislamu tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Chumba cha bati Tanga mwezi wa Januari, dirisha limefungwa, wewe uko chuoni toka asubuhi mpaka jioni: huko ni kumfungia. Kama huwezi kumwachia upepo, kivuli na maji, muda wake haujafika.

Chakula. Wahenga walisema paka hashibi kwa wali, matilaba yake panya, na wataalamu wanakubaliana nao. Mwili wa paka hautengenezi taurini ya kumtosha, ni lazima aipate kwenye nyama au samaki, na akiikosa muda mrefu macho na moyo wake huharibika. Ugali mtupu na maziwa haumfai. Mimi nachemsha vibua au dagaa wasio na chumvi, natoa miiba mikubwa, nachanganya na ugali kidogo. Kitunguu na kitunguu saumu havimfai kabisa, kwa hiyo mchuzi wa kantini usimmwagie. Maziwa paka wengi wakubwa yanawaendesha, mpe maji.

Chanjo ya kichaa cha mbwa usiiahirishe kwa sababu ya jina lake, paka naye anaugua na anaambukiza. Apewe akifikisha miezi mitatu, irudiwe kama bwana mifugo atakavyokupangia, na kadi uitunze pamoja na vyeti vyako. Ukiumwa au kuparuliwa na mnyama usiyemjua, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo. Ugonjwa ule dalili zikishaanza, hauna tiba. Na jike mfungishe kizazi mapema. Anaweza kushika mimba akiwa na miezi mitano tu, na anaibeba miezi miwili. Nimewaona vitoto vya paka vya wanafunzi vimetupwa kwenye boksi nyuma ya bweni mitihani ilipokwisha. Sitaki kuyaeleza zaidi.

Likizo na fildi ndiyo mitihani halisi ya mapenzi yako. Wiki nane uko Handeni au Kilindi kwenye mafunzo kwa vitendo, paka anakula kwa nani? Panga hilo kabla hujamwokota. Mimi namwachia Bibi hela ya samaki ya kila wiki, siachi ahadi.

Halafu wanyama wa mwituni. Huku kwetu usiku komba wanalia kwenye miembe na minazi, na kuna vijana huwauzia wanafunzi watoto wa komba au kima. Wanapendeza, wana macho ya kumfanya mtu alie. Usinunue. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza kuwa nao bila kibali, na yule mtoto amepatikana kwa kumtenganisha na mama yake. Mtu aliyefiwa anajua hiyo ni nini.

Lingine nisiloweza kuliacha: Shombo hakunitibu peke yake. Alinipa usingizi, na usingizi ukanipa nguvu ya kutembea mpaka kwa mshauri nasaha wa chuo, ambaye nilikuwa nimeupita mlango wake mara nyingi. Nilikaa naye kila Jumatano kwa semista nzima. Ndiye aliyenifundisha la kufanya moyo ukianza mbio: miguu chini, taja vitu vitano unavyoviona, toa pumzi ndefu kuliko uliyoivuta. Mkoa huu wetu hauna sababu ya kuona haya kwenye jambo hili. Kule Lutindi, kwenye milima ya Korogwe, wagonjwa wa akili wanahudumiwa tangu 1904, na kazi za mikono na shamba ni sehemu ya tiba yao. Kama usiku wako unafanana na ule wangu, kwa wiki mbili au zaidi, nenda ukaseme kwa mtu aliyesomea. Paka akungoje nyumbani.

Sasa, mdogo wangu wa Singida. Jibu langu ni hili. Semista hii ya kwanza mwache paka wako kwa mama yako. Naye amefiwa, huenda anamhitaji kuliko anavyosema. Njoo kwanza uione hosteli, uwajue wenzako wa chumbani, uwaulize maswali yale niliyoyaeleza. Wakikubali wote, nitakusaidia kuandika barua. Wakikataa, mwaka wa pili tutatafuta chumba huku Makorora, Bibi anajulikana na wenye nyumba wengi.

Na zile dakika 10 hazihitaji mnyama awe wako. Wale wanafunzi wa Marekani waliopapasa, paka na mbwa wale hawakuwa wao, walipapasa wakaenda zao. Shombo bado yupo, amenenepa, jicho lile moja limebaki na ukungu. Binti wa Pangani huja kututembelea mpaka leo, tunamwekea kiti nje upande unakotoka upepo na yeye humtazama kwa mbali. Nitakuelekeza njia kwa simu. Njoo baada ya saa kumi na moja jioni, jua likishapungua. Kabla ya hapo huwa amelala ndani ya ungo wa Bibi chini ya mwembe, na hapendi kuamshwa.